Ukurasa wa wavuti wa darasa: tumtengenezee mwanafunzi anayetafuta kitu

Mwanzisha uzi

Ndugu walimu, ninafundisha biolojia, na kwa miaka mingi nimekuwa na ukurasa wa wavuti wa darasa langu. Ninafungua uzi huu kwa sababu kila muhula walimu wenzangu huniomba nitazame kurasa walizotengeneza, na karibu zote huwa na kasoro ileile iliyokuwa katika ukurasa wangu wa kwanza: zimetengenezwa kwa ajili ya mgeni anayepita kutazama, ilhali wanaozifungua ni wanafunzi wanaotafuta kitu kimoja mahususi, aghalabu usiku, aghalabu kwa simu, na mara nyingi wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Nieleze jinsi nilivyolitambua hilo. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na picha kubwa tano zilizokuwa zikipokezana juu kabisa, salamu ya kuwakaribisha wageni, aya mbili kuhusu umuhimu wa sayansi, kisha menyu yenye vipengele kumi na kimoja. Mwanafunzi wangu mmoja aliugua, akakosa masomo kwa wiki mbili, na aliporudi nilimuuliza kwa nini hakufanya zoezi hata moja wakati yote yalikuwa kwenye ukurasa. Hakubishana nami. Alitoa simu, akaniomba nikae karibu naye, akaufungua ukurasa nikiona. Picha ya kwanza ilijitokeza polepole, nusu yake ikabaki kijivu. Aliteremsha skrini kwa kidole mara saba ndipo akaifikia menyu. Akabonyeza "Nyenzo", kwa kuwa kwake yeye zoezi ni nyenzo, na humo akakuta orodha ya mafaili yenye majina "Bio_mpya2", "Bio_mpya2_sahihi" na "kazi_mwisho". Akachagua moja, simu ikapakua PDF yenye kurasa 40, na zoezi lenyewe lilikuwa ukurasa wa 31. Alipofika hapo alinitazama bila kusema neno, nami sikuwa na swali jingine la kumuuliza.

Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja, na yote nitakayoyaeleza hapa yanatokana nayo: kabla mwalimu hajachagua rangi wala picha, ayajue maswali ambayo mwanafunzi huja nayo, kisha ayapange majibu yake kwa namna ambayo mwanafunzi hatalazimika kukisia. Niliwagawia darasa zima vipande vya karatasi waandike, bila majina, kitu walichokuwa wakikitafuta mara ya mwisho walipofungua ukurasa. Majibu yaliangukia katika mafungu manne tu: kazi tuliyopewa ni ipi na inakusanywa lini; kipindi ambacho sikuwapo kilihusu nini; mtihani utagusa mada zipi; na nikikwama nimpate vipi mwalimu. Zile aya mbili za utangulizi hazikutajwa na mtu yeyote, nikaziondoa.

Sehemu ya juu ya ukurasa wangu sasa inaitwa "Wiki hii", na imeandikwa kwa maandishi ya kawaida yanayosomeka bila kubonyeza chochote wala kupakua chochote. Huwa inasema hivi: "Jumanne: usanisinuru, hatua ya mwanga. Soma muhtasari ulio hapa chini, jibu swali la 1 hadi la 4, kusanya Alhamisi kabla ya kipindi cha kwanza." Mwanafunzi aliyekuwapo darasani anakumbushwa, na aliyekosa anajua pa kuanzia. Chini yake kuna muhtasari wa kila kipindi kwa tarehe, kipya kikiwa juu, halafu mada za mtihani ujao, na mwisho kabisa namna ya kuniuliza swali na muda ambao huwa ninajibu. Huo ndio ukurasa mzima. Menyu imebaki na vipengele vinne, kimoja kwa kila swali la wanafunzi, na majina yake ni maneno yao wenyewe: niliacha kuandika "Nyenzo" nikaandika "Mazoezi", kwa kuwa ndilo neno walilolitumia kwenye vile vipande vya karatasi.

Watu hawasomi ukurasa wa wavuti kama wanavyosoma kitabu, na mwalimu asiyekubali hilo ataandika vizuri bure. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, aliripoti kwamba katika majaribio yao asilimia 79 ya washiriki walipitisha macho juujuu kila walipokutana na ukurasa mpya, na ni asilimia 16 tu waliosoma neno kwa neno. Mwaka 2006 alionyesha, kwa vifaa vya kufuatilia mwendo wa macho, kwamba mara nyingi jicho hupita mlalo sehemu ya juu, hupita tena mlalo mfupi zaidi chini kidogo, kisha huteremka upande wa kushoto, umbo linalokaribia herufi F. Kwetu sisi tunaoandika Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu tumezoea kuanza vichwa kwa "Maelezo kuhusu" au "Zoezi linalohusu". Vichwa kumi vinavyoanza hivyo vinafanana vyote machoni pa mtu anayeteremka upande wa kushoto. Neno linalobeba maana litangulie: "Usanisinuru: zoezi la 2" linamfaa mwanafunzi kuliko "Zoezi la pili linalohusu mada ya usanisinuru", hata kama la pili linasikika kuwa fasaha zaidi.

Sasa niseme juu ya uzito wa ukurasa, ambao walimu wengi hatuuoni kwa sababu tunaufungua kwenye kompyuta ileile iliyoutengeneza. Picha iliyopigwa kwa simu ya siku hizi huwa na megabaiti 3 hadi 5. Mwalimu akiweka picha 12 za ubao, kila moja ikiwa na megabaiti 4, amemtaka mwanafunzi apakue megabaiti 48. Kwenye mtandao unaopitisha megabiti 1 kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8, hesabu hiyo inatoa sekunde 384, yaani zaidi ya dakika sita za kusubiri. Nielsen huyohuyo anazihesabu sekunde 10 kuwa ukomo wa subira: zikizidi hapo, mawazo ya mtumiaji huhamia kwingine. Picha zilezile zikipunguzwa upana hadi pikseli 1200 na kuhifadhiwa kwa JPEG ya ubora wa wastani, kila moja inaweza kushuka hadi kilobaiti 150 hivi, na zote 12 zikafika kwa sekunde 15 au chini ya hapo, huku maandishi ya ubaoni yakisomeka kama kawaida kwenye skrini ya simu. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa programu yoyote ya kuhariri picha, nami ninaiona kuwa ni sehemu ya maandalizi ya kipindi, sawa na kufuta ubao.

PDF nayo ina mahali pake. Karatasi ya kuchapishwa, jaribio la mwaka uliopita, fomu: haya yanafaa kuwa PDF. Lakini zoezi la maswali manne halina haja ya kufungiwa ndani ya faili lililopangwa kwa upana wa karatasi ya A4, ambalo mwanafunzi wa simu inambidi alivute kwa vidole viwili, alisukume kushoto na kulia kila mstari. Likiandikwa moja kwa moja kwenye ukurasa, maandishi hujipanga yenyewe kulingana na upana wa skrini. Mpangilio wa namna hiyo ulipewa jina na Ethan Marcotte mwaka 2010, na leo violezo karibu vyote vya kutengenezea tovuti huja nao bila mwalimu kufanya lolote. Tunaouharibu ni sisi tunapobandika mafaili na picha za maandishi.

Kuhusu mapambo nitasema bila kuzunguka: yapunguzeni. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha zikiwa pamoja, na matokeo mawili ya kazi yake yanamhusu kila mwalimu mwenye ukurasa. La kwanza ni kwamba watu huelewa vizuri zaidi vitu vya kuvutia visivyohusika na somo vinapoondolewa. La pili ni kwamba maneno yanatakiwa kukaa karibu na sehemu ya picha yanayoieleza. Hili la pili nililiona kwa macho yangu. Nilikuwa na mchoro wa jani lililokatwa, namba 1 hadi 9 juu yake, na orodha ya majina chini. Kwenye kompyuta vyote vilionekana kwa pamoja. Kwenye simu, mwanafunzi alipoitazama namba 6 orodha ilikuwa nje ya skrini; akateremka, akaisahau namba, akapanda tena. Nilipoyaandika majina palepale kwenye mchoro, "stomata" pembeni mwa kitundu chenyewe, maswali ya "namba ngapi ni ipi" yalikoma darasani.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi: anwani ya ukurasa isibadilike. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti akiwa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, na kuwasilisha pendekezo lake mwaka 1989, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na kwa mwalimu hilo ni muhimu kuliko anavyodhani. Wanafunzi huandika anwani nyuma ya daftari. Mwalimu anayefuta ukurasa kila muhula na kuanzisha mwingine huwaacha na daftari zenye anwani isiyofunguka. Mimi ninabadilisha yaliyomo, anwani inabaki, na msimbo wake wa QR umebandikwa ndani ya jalada la daftari la kila mmoja.

Karibuni mchangie, hasa mlio na uzoefu unaotofautiana na wangu.

Mchangiaji, mwalimu wa lugha

Mwalimu, ahsante kwa maelezo. Nina wasiwasi mmoja ambao ninauweka mezani kwa heshima. Sisi tuna kundi la WhatsApp la darasa, wazazi wamo na wanafunzi wakubwa wamo, na kazi zote huzituma humo. Zinafika papo hapo, na hakuna anayehitaji kukumbuka anwani. Je, ukurasa wa wavuti hauongezi mzigo kwa mwalimu ambaye tayari ana madaftari ya kusahihisha?

Mwanzisha uzi

Mwalimu mwenzangu, hoja yako ni ya kweli na sitaki kuipita juu juu. Kundi lina uwezo ambao ukurasa hauna: linamfikia mtu bila yeye kuja. Udhaifu wake ni kwamba halihifadhi kwa mpangilio. Kazi uliyotuma Jumatatu asubuhi, ikifika Ijumaa imekwisha kufunikwa na salamu, maswali, pole, na faili lilelile lililotumwa tena mara tatu kwa walioshindwa kulipata. Aliyejiunga jana mara nyingi haoni cha juzi. Aliyebadilisha simu bila kuhifadhi nakala amepoteza vyote. Na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani miezi mitatu baadaye hawezi kuurudia muhula mzima kwa kupandisha ujumbe mmoja mmoja.

Mimi ninatumia vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake. Kazi inaandikwa mara moja tu, kwenye ukurasa, na kwenye kundi ninatuma mstari mmoja wenye kiungo. Mwanafunzi akiuliza kwenye kundi, ninajibu kwa kiungo kilekile. Muda ninaotumia kwa wiki haufiki dakika arobaini, na ninaurudishiwa kwa kutoulizwa swali moja na watu ishirini. Lakini uko sahihi katika jambo moja zito: ukurasa usiotunzwa ni mbaya kuliko kutokuwa na ukurasa. Mwanafunzi akikuta "Wiki hii" ina tarehe ya mwezi uliopita, hataurudia tena, na hatakosea. Kama mwalimu ana uhakika wa dakika kumi tu kwa wiki, basi aandike mistari mitatu ya "Wiki hii" na asiongeze kitu kingine.

Mchangiaji, mwalimu wa hisabati

Ninaomba msaada kuhusu milinganyo. Kuandika alama za hisabati kwenye kompyuta kunanichosha, kwa hiyo huandika suluhisho kwa mkono kwenye karatasi, nikapiga picha na kuipandisha. Wanafunzi wanasema picha hizo hazisomeki vizuri, lakini sioni njia nyingine iliyo nyepesi.

Mwanzisha uzi

Suluhisho la hatua kwa hatua ni miongoni mwa vitu bora unavyoweza kuweka kwenye ukurasa, kwa hiyo usiache kuyaweka. John Sweller na Graham Cooper walionyesha mwaka 1985, tena kwa masomo ya aljebra, kwamba wanaoanza mada hufaidika zaidi kwa kuchunguza mifano iliyokwisha kutatuliwa kuliko kwa kuachiwa maswali mengi ya aina hiyohiyo wayatatue wenyewe. Tatizo lako liko kwenye picha.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiandika milinganyo kama maandishi. Kiwango cha MathML, yaani namna ya kuandika hisabati kwenye wavuti, kiliidhinishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwaka 1998, na tangu Chrome ilipoanza kukionyesha upya Januari 2023, vivinjari vikuu vyote sasa vinakielewa. Huhitaji kukiandika kwa mkono: huduma nyingi za kutengeneza kurasa zinakubali uandike mlinganyo kwa mtindo wa LaTeX, ambao huandika alama za hisabati kwa herufi za kawaida za kibodi, zenyewe zikaugeuza. Kwa milinganyo ya kipeo cha pili utajifunza alama sita au saba tu, na ndani ya wiki vidole vitazoea. Mlinganyo ulioandikwa hivyo unakuzwa bila kufifia, unatafutwa kama neno lolote, na kisoma skrini, programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona, kinaweza kuusoma.

Ya pili, kama bado unataka mwandiko wako, na ninaelewa kwa nini, maana mwanafunzi huutambua mwandiko wa mwalimu wake, ni kuacha kupiga picha ukurasa mzima wa daftari. Andika kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi isiyo na mistari, piga picha ukiwa karibu na dirisha mchana bila kivuli cha mkono, kisha kata kila hatua iwe picha yake. Chini ya kila picha andika sentensi moja ya sababu: "Tumetoa 5 pande zote mbili ili kigeu kibaki peke yake." Hiyo sentensi ndiyo mwanafunzi anayoikosa anapokuwa peke yake, kwa sababu darasani ulimwambia kwa mdomo na haikuandikwa popote.

Mchangiaji, mwalimu wa jiografia

Ninaongezea juu ya visoma skrini, kwa kuwa nina mwanafunzi asiyeona. Sikuwahi kufikiria ukurasa wangu unavyosikika hadi siku aliponivalisha vipokea sauti vyake. Anatumia NVDA kwenye kompyuta, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006, na ana kawaida ya kuomba orodha ya viungo vyote vya ukurasa ili achague anachotaka haraka. Kwenye ukurasa wangu orodha hiyo ilisoma: "bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa, hapa, bonyeza hapa." Ramani tatu zilisomwa kwa majina ya mafaili ya kamera, herufi na tarakimu zisizo na maana. Muhtasari niliouskani kama picha na kuuhifadhi kwa PDF haukutoa sauti kabisa. Na Kiswahili chote kilisomwa kwa matamshi ya Kiingereza, kiasi kwamba mimi niliyekiandika sikukielewa.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, ninakushukuru sana kwa mchango huu, kwa kuwa umeeleza kwa sentensi chache kitu ambacho miongozo hutumia kurasa nyingi kukieleza. Niwape wengine tiba ya kila kasoro uliyoitaja.

Kiungo kiandikwe kwa jina la kinakoelekea: "Ramani ya mvua, zoezi la 3" badala ya "bonyeza hapa". Picha ipewe maelezo mbadala, ile nafasi ndogo ambayo karibu kila programu ya kutengeneza kurasa huionyesha unapopandisha picha na ambayo wengi wetu tunaiacha wazi. Maelezo hayo yataje kile ambacho picha imewekwa ili kukifundisha. "Ramani" haitoshi, lakini "ramani inayoonyesha mvua ikipungua kadiri unavyotoka pwani kwenda bara" inatosha. Vichwa viwekwe kwa mtindo wa vichwa, wala si kwa kukoleza wino tu, kwa sababu msikilizaji huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama sisi tunavyoruka kwa macho. Na lile la matamshi lina tiba ya sekunde chache: kwenye mipangilio ya tovuti kuna mahali pa kuchagua lugha ya ukurasa, ambapo violezo vingi huja vikiwa vimewekwa Kiingereza. Chagua Kiswahili, na kwa anayeandika mwenyewe HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, sifa ya lang ipewe thamani "sw". Hapo kisoma skrini chenye sauti ya Kiswahili kitajua kuitumia, na kivinjari hakitaichukulia kazi yako kuwa ni Kiingereza kibovu.

Nikiwa hapo hapo niseme juu ya rangi. Mwongozo wa W3C wa ufikivu, tangu toleo lake la 2.0 la mwaka 2008, unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambacho violezo vya kisasa hukipenda mno, mara nyingi hakifiki hapo, na anayesoma juani akiwa na simu yenye skrini iliyokwaruzika ndiye anayeumia wa kwanza, hata kama macho yake ni mazima. Toleo la 2.2 la Oktoba 2023 limeongeza kwamba sehemu ya kubonyeza iwe na angalau pikseli 24 kwa 24, au iachiwe nafasi ya kutosha kati yake na jirani yake. Wala maana isibebwe na rangi peke yake: "maswali mekundu ni ya lazima" ni agizo ambalo mwanafunzi asiyetofautisha nyekundu na kijani hawezi kulifuata. Andika neno "lazima" pembeni mwa swali.

Mchangiaji, mwalimu wa darasa la tano

Wazazi wa wanafunzi wangu hupenda kuwaona watoto wao kwenye ukurasa, na mkuu wa shule anataka niweke pia majina ya walioongoza kwenye jaribio. Unashauri nini?

Mwanzisha uzi

Hapa nitakuwa mkali kuliko kwingine kote katika uzi huu, na uniwie radhi. Ukurasa wa wavuti unaoonekana na umma haupo darasani. Upo mbele ya kila mtu mwenye intaneti. Alama za mtoto zisiwekwe humo kamwe, za juu wala za chini, kwa sababu orodha ya walioongoza inawataja pia wasiomo. Picha ya mtoto ikiwa imeambatana na jina lake kamili, jina la shule na ratiba ya masomo inamweleza mtu asiyemjua mtoto huyo yupo wapi na saa ngapi.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana: picha za simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali na saa zilipopigwa. Baadhi ya huduma huondoa taarifa hizo picha inapopandishwa, nyingine haziondoi, kwa hiyo ziondoe wewe mwenyewe kabla. Sheria nazo zipo. Marekani ilipitisha mwaka 1998 sheria ya kulinda faragha ya watoto walio chini ya miaka 13 mtandaoni, Umoja wa Ulaya una kanuni zake zilizoanza kutumika Mei 2018, na nchi nyingine nyingi zina sheria zake za ulinzi wa taarifa binafsi ambazo shule inapaswa kuzisoma. Lakini hata pasipo sheria, mtoto hakuombwa ridhaa, na picha ikishasambaa hairudi.

Onyesha kazi zao. Mchoro wa mtoto wa mzunguko wa maji, shairi lake, mfano alioujenga kwa udongo: piga picha kitu chenyewe, pasipo uso wala jina, mwenyewe na mzazi wakiwa wameridhia. Wazazi wanaotaka picha za tukio la darasa wapelekewe kwa njia ya faragha. Mkuu wa shule umweleze kwa utulivu kwamba pongezi zinaweza kutolewa darasani, mbele ya waliokuwapo.

Mchangiaji, mwalimu wa hisabati

Nimefanya ulivyosema kuhusu lugha ya ukurasa na kukata picha. Swali la mwisho kwangu: nitajuaje kama ukurasa unafanya kazi? Wanafunzi wangu wakiulizwa husema "ni mzuri, mwalimu" ili wasinikwaze.

Mwanzisha uzi

Usiwaulize kama ni mzuri. Wape kazi, kisha utazame. Chukua wanafunzi watano, mmoja mmoja. Nielsen ameonyesha kwamba watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za muundo, na nimeona hivyo pia kwangu. Kila mmoja atumie simu anayoitumia nyumbani. Mwambie: "Tuseme ulikuwa mgonjwa Jumanne. Tafuta ulichopaswa kufanya." Kisha ukae kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu, maana mwalimu hutamani kuelekeza kidole, lakini ukimwelekeza umepoteza jaribio. Andika alibonyeza wapi kwanza, alirudi nyuma mara ngapi, alitumia sekunde ngapi. Wawili wakipotea mahali palepale, kosa ni la ukurasa, parekebishe jioni hiyohiyo ungali unakumbuka.

Mwanafunzi wangu wa tatu katika jaribio la mwisho alikwama kwenye neno "Muhtasari". Alidhani ni muhtasari wa ukurasa wenyewe. Tulibadilisha tukaandika "Tulichosoma", na wawili waliomfuata walikibonyeza mara ya kwanza.